Kamba za Siku ya Tatu

Jumapili ile alasiri, posa ilipokuwa inazungumzwa sebuleni, mpenzi wa kweli alikuwa chumba cha nyuma akisugua meno ya mtu mwingine.

Msishangae, ndiyo kazi yake. Dada mkubwa wa nyumba ile alikuwa fundi wa meno ya bandia, na fundi kwelikweli. Kuna mzee mmoja alitengenezewa meno naye, akajisahau akalala nayo, alipoamka asubuhi akakuta ameshamaliza nusu ya mto. Madaktari watatu walimletea kalibu za vinywa vya wagonjwa wao. Yeye alizimwagia plasta, akangoja nusu saa ikauke, akapanga meno juu ya nta, moja moja, kisha akayasugua kwa msasa hadi yakang'aa kuliko ya Mungu. Rafu iliyo juu ya meza yake ilijaa taya zilizokuwa zikicheka mchana kutwa bila kuchekeshwa na mtu.

Ile nusu saa ya kungoja plasta ndiyo iliyomponza.

Mdogo wake, ambaye kila mtu alimwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa, aliuza manukato katika duka ambalo simu za wafanyakazi hufungiwa kwenye droo mpaka jioni. Simuni mwake Kitinda alikuwa na mchezo wa visima. Unapewa kijiji, unapewa kisima, unapewa kamba. Kila ndoo unayovuta inakula kamba moja, na kamba mpya huja moja kila nusu saa, upende usipende. Mfuko hauzidi kamba hamsini. Ukijaa, inayofuata inapotea na hurudishiwi. Siku za kawaida huo ni mchezo wa kupotezea muda tu. Lakini mara moja kwa mwezi huja Kiangazi: siku tatu kamili, wachezaji wawili wawili wanashindana kujaza tangi. Siku ya kwanza ndoo moja ina pointi moja. Siku ya pili, mbili. Siku ya tatu, tano, na dakika tano za mwisho, kumi.

"Dada, nikienda nayo dukani kamba zitamwagika bure," Kitinda alimwambia siku ile ya kwanza. "Ibaki na wewe. Si unangoja plasta? Vutavuta tu."

Dada hakuvutavuta. Aliutazama mchezo ule kama anavyotazama kinywa kisicho na jino hata moja, akajua pa kuanzia. Siku ya kwanza unavuta ndoo chache tu, ili mfuko usifurike. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu unaingia na kamba hamsini mkononi, wenzio wakiwa wamebaki na majuto.

Mchezo ulimpangia mwenzake wa kujaza naye tangi: fundi wa lifti, mtu wa kushinda juu ya vibanda vya lifti kwenye ghorofa za watu, huku akingoja mafuta yapenye kwenye nyaya. Huyo alikuwa mwagaji. Saa mbili za kwanza zikipita hana kamba.

"Mbona huvuti? Umelala?" aliandika.

"Sijalala. Nakungoja umalize fujo."

"Tutashindwa!"

"Siku ya kwanza ni ya wenye papara. Kaa chini unywe maji."

"Wewe ni mchoyo sana."

"Sana. Kesho kutwa utanishukuru."

Kesho kutwa yake walishinda, naye akaandika: "Asante, Mchoyo wangu." Dada alilisoma lile "wangu" mara nane. Plasta ikakaukia bakulini, bakuli likatupwa pamoja na kijiko.

Ikawa hivyo hivyo hadi kufikia Viangazi ishirini na vinne. Kwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, hizo ni siku sabini na mbili za kupendwa, na zilizobaki zote za kungoja. Kitinda akirudishiwa simu alisoma yote kitandani, akicheka miguu juu. "Dada una maneno wewe! Endelea, endelea." Halafu Alhamisi moja isiyo ya Kiangazi, mtu wa lifti akaomba picha. Simu ilikuwa mkononi mwa mwenyewe. Kitinda alituma picha, yake, akiwa amekaa upande ambao hata kioo humwonea wivu. Wakakutana mara nne. Mwanamume akamwona mzuri na mkimya, akasema moyoni, huyu ana haya. Mara ya tano akaja na mjomba.

Hapo ndipo tulipo. Sebuleni kuna mama, kuna mjomba mwenye koti lililombana, kuna mtu wa lifti mwenyewe. Nyuma ya pazia la kijani kuna dada na simu, na Kiangazi cha ishirini na nne kimebakiza dakika tisa.

"Maliza hicho," Kitinda alikuwa amemwambia, akijipaka rangi ya midomo kwenye kioo cha dada. "Tuko wa pili. Akishinda leo atatoka hapa na furaha mbili."

"Na mimi sebuleni naingia saa ngapi?"

"Ukiitwa. Si wewe ndiye unayejibu?"

Ndiyo, ni yeye anayejibu. Tangu baba yao afariki, mama alishasema: jambo lolote la watu wa nje, neno la mwisho ni la mtoto wa kwanza. Mtu akitaka kuoa ndani ya nyumba ile, hana budi kulisikia kutoka kwa fundi wa meno.

Dada alikuwa ameshaamua. Angecheza Kiangazi hiki cha mwisho, angeshinda, angeenda kusema ndiyo, kisha angelia wiki moja na kurudi kwenye plasta. Asingesema kitu. Alichotaka kilikuwa kidogo hata aibu kukitaja: mtu yule ajue, japo siku moja, kwamba ni yeye.

Simu ikatikisika. "Zimebaki kamba tisa. Nimwage?"

Vidole vilijibu kabla ya akili. "Usithubutu. Bado dakika tatu kabla ya kumi kumi."

Simu ikatikisika tena: "Mchoyo."

"Nini?"

"Mikono yako iko wapi sasa hivi?"

Swali la ajabu. Dada alisogeza pazia kwa kidole kimoja, akachungulia. Kitinda alikuwa amesimama katikati ya sebule, mbele ya wageni, ameshika sinia la chai kwa mikono miwili. Na mtu wa lifti, simu ikiwa imefichwa chini ya meza, alikuwa anaitazama ile mikono miwili kama mtu aliyeona nyaya zote zimekatika na lifti bado inapanda.

Dada akaliachia pazia. Moyo ulimdunda hadi taya za rafuni zikagongana.

"Samahani, nanawa mikono mara moja," alisikia sauti ikisema sebuleni. Hatua zikaja. Pazia likafunguka.

Alichokiona mtu wa lifti ni hiki: mwanamke aliyevaa koti la kazi, plasta kwenye nyusi, mkono wa kushoto umeshika taya ya chini ya mtu asiyejulikana, wa kulia umeshika simu ya mchumba wake.

"Shemeji," alianza. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Zimebaki dakika ngapi?"

"Mbili, kumi kumi zianze." Hakuitazama simu. "Na tisa zako usiziguse kwanza. Wale wa kwanza wamemwaga mapema, hawana kitu."

Alifumba macho. "Ni wewe."

"Ni mimi nini?"

"Usinifanyie hivyo. Siku niliyokwama kati ya ghorofa ya saba na ya nane, saa nne nzima gizani, nani alikuwa ananiandikia?"

"Mimi."

"Uliniambia nifanye nini?"

"Uhesabu meno yako kwa ulimi. Ukifika la mwisho, uanze upya."

"Nilihesabu mpaka ulimi ukaota sugu!" Alicheka, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Nikawa najiuliza, muuza manukato amejuaje kwamba ulimi unaweza kumtuliza mtu?"

Chumba kilikuwa kidogo. Hatua tatu zilitosha. Aliichukua ile taya mkononi mwa dada akaiweka mezani taratibu, kama anayeogopa itasema kitu. Akamtazama vidole.

"Vina plasta," dada alisema.

"Miaka miwili vinanifokea. Acha nivione."

Hakuvishika. Alivitazama tu, kimoja baada ya kimoja, na dada alihisi kila kimoja kinapata moto kwa zamu yake. Katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumtazama hivyo chini ya shingo wala juu yake. Aliwaza: basi, imetosha, amejua. Papo hapo akagundua kwamba haijatosha hata kidogo.

"Mjomba wako anauliza kama bomba limekumeza," Kitinda alisema mlangoni. Akawaona. Akalirudisha pazia nyuma yake, polepole, akakunja mikono. "Aa. Sasa nyie."

"Mmenidanganya," mtu wa lifti alisema.

"Nani kakudanganya? Picha ile yangu si yangu? Uso huu nimeuazima? Na wewe dada, nani alikwambia ujibu nikiwa nimebeba sinia?"

"Sikujua umebeba sinia."

"Miaka miwili hukukosea ndoo moja, leo ndiyo unakosea!"

"Nilipenda mtu wa kwenye Kiangazi," mtu wa lifti alisema. "Niliandikiana na huyu."

"Haya, basi nikuulize." Kitinda alimsogelea, na manukato yake yakafika kabla yake. "Dada alikuandikia karibu miaka miwili kabla hujaniona. Maneno yote hayo, kucheka kote huko. Mbona hukuleta mjomba? Ulipata picha Alhamisi, ukaanza kushona suti Jumamosi. Nani amekudanganya zaidi ya macho yako?"

Mtu wa lifti aliitazama suti yake mpya.

"Na wewe usinitazame hivyo," Kitinda alimgeukia dada. "Simu ilikuwa mkononi mwako siku tatu kila mwezi, na kamera yake. Nilikuzuia kujipiga picha? Hukutuma kwa sababu unajua. Hakuna mtu angevuka barabara kwa ajili ya hii." Akaionyesha ile nyusi yenye plasta kwa ukucha uliopakwa rangi.

Ubaya wa neno lile ni kwamba dada alishajiambia mwenyewe, mara nyingi, kwa sauti hiyo hiyo.

Alimtazama mtu wa lifti. Sasa sema wewe, macho yake yalisema. Sema ungevuka.

Mtu wa lifti alijifuta jasho la juu ya mdomo. "Tusiharibu," alisema hatimaye. "Watu wazima wako pale. Tunaweza kuendelea kama tulivyokuwa."

"Vipi?" dada aliuliza.

"Ndoa iwepo. Na wewe, Kiangazi kikija, tukuletee simu hapa. Siku tatu tu kila mwezi. Uniandikie kama kawaida. Hakuna atakayeumia."

Kitinda alifikiri kidogo, kama mtu anayejaribu kiatu. "Mimi sina neno," alisema. "Huo mchezo wenyewe unanichosha, na maneno yenu ndiyo kabisa. Siku tatu nitapumzika."

Wakamgeukia dada wote wawili, wakingoja, kama wateja walioambiwa meno yako tayari.

Simu ikalia kengele. Kiangazi kimekwisha. Kamba arobaini na nane, zilizotunzwa siku tatu bila kupotea hata moja, zilifutika kwenye kioo.

"Umeziacha!" mtu wa lifti alisema, na kwa mara ya kwanza tangu aingie alionekana ameumia hasa. "Zote! Mbona hukuvuta?"

"Hizo ndizo unazolilia?"

"Nilikuwa nauliza tu..."

"Hakuna siku tatu," dada alisema. "Kuanzia leo atakuandikia mwenye picha."

"Dada, usiwe mbaya."

"Nenda sebuleni, mdogo wangu. Ukae vizuri. Nakuja kujibu."

Kitinda aliinua mabega, akatoka. Alikuwa na hakika na jibu. Dada yake hajawahi kumnyima kitu. Mtu wa lifti alibaki. Aliangalia pazia, kisha akamsogelea dada hadi pumzi yake ikamfika shingoni.

"Kataa," alinong'ona.

"Unasemaje?"

"Wewe ndiye unayejibu. Sema hapana. Nimefikiri hapa hapa. Siku zile zisizo za Kiangazi, nikimwandikia, ilikuwa kama kuzungumza na mlango wa lifti uliofungwa. Nilidhani ni haya. Nikiuoa mlango ule nitakufa nimesimama. Sema hapana, sababu tafuta yoyote. Miezi sita ikipita nitarudi peke yangu. Kwa ajili yako, Mchoyo."

Hebu fikirini. Ndilo neno aliloliota Viangazi ishirini na vinne. Dada alishika ukingo wa meza. Angeweza kulikubali hapo hapo, na nani angemlaumu?

"Kwa nini usikatae wewe?" aliuliza.

"Mimi?"

"Mdomo unao. Mjomba yuko pale, hatua kumi."

"Mjomba ndiye aliyenilea. Nilimwambia nimepata mwanamke mwenye akili kuliko wote. Nimwambie nini leo? Nilipenda vidole, nikapeleka posa kwa uso?"

"Mwambie hivyo hivyo."

"Siwezi. Atanionaje?"

"Kwa hiyo mama anilaani mimi. Mdogo wangu anichukie mimi. Mtaa useme nina kijicho, nimemvunjia posa mtoto wa mwisho kwa kuwa mimi hakuna aliyeniposa. Wewe utoke hapa unapewa pole."

"Ni miezi sita tu."

"Kwanza siku tatu, sasa miezi sita. Wewe mwenyewe leo unatoa nini?"

Alitazama viatu vyake. Vilikuwa vipya. Na lililo baya kuliko yote, mwanamke yule alimpenda hata wakati ule, kisogo kile kilichoinama, masikio yale mekundu. Kama angeinua kichwa, angemsamehe kila kitu. Alimngoja ainue.

Hakuinua.

Dada akanawa mikono kwenye beseni, kidole kwa kidole, akavua koti la kazi, akatoka. Plasta ya nyusi aliiacha.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, binti. Tunaambiwa kauli ya nyumba hii ni yako."

"Ndiyo, mjomba."

"Sisi tumeshasema yetu. Kijana wangu amempenda mdogo wako. Mama yenu ameridhika. Basi tuambie, kuna pingamizi?"

Mama alimtazama kwa macho ya kumwombea Kitinda. Kitinda alijitazama kucha. Mtu wa lifti alikuwa amesharudi kitini, na alimtazama dada kama siku ile angetazama taa, saa ya nne, kati ya ghorofa ya saba na ya nane. Midomo yake ilitengeneza neno bila sauti. Kataa.

"Kabla sijajibu," dada alisema, "nimuulize bwana mwenyewe. Una neno lolote? Lisije likasemwa baadaye kwamba hukuulizwa."

Mjomba akacheka hadi koti likalalamika. "Neno gani tena, binti? Neno si ndilo lililotuleta!"

"Namuuliza yeye, mjomba."

Kikoromeo cha mtu wa lifti kilipanda, kikashuka, kikapanda tena, bila kusimama ghorofa yoyote. Alimtazama mjomba. Alimtazama mama. Dada alimpa muda, muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, na kila sekunde ilimkata akiwa amesimama wima.

"Sina," mtu wa lifti alisema.

"Basi na sisi hatuna pingamizi," dada alisema. "Mchukue."

Mama akaficha uso kwenye upindo wa nguo akilia kwa furaha. Mjomba akapiga makofi, akasimama, akamshika Kitinda mkono na kumkalisha pembeni ya mtu wa lifti, goti kwa goti.

"Haya, zungumzeni! Mnaona haya za nini? Kijana huyu aliniambia nyie mkianza kuongea hamnyamazi!"

Wakageukiana. Watu wote wakangoja, wakitabasamu.

"Chai ilikuwa nzuri?" Kitinda aliuliza.

"Nzuri."

"Sukari ilitosha?"

"Ilitosha."

Mjomba bado alikuwa anatabasamu, anangoja yanoge. Mama alikuwa anangoja. Kitinda alifumbua mdomo, akaufumba, kisha, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akainua macho na kumtafuta dada yake kwa hofu, akiomba japo sentensi moja tu.

Dada alikuwa anakusanya vikombe. Aliyaona yale macho, akayatazama vizuri, hadi ndani. Kisha akachukua na kikombe cha shemeji yake, akakiweka juu ya sinia, akatoka.